Mama Sikio na Mfuko wa Mchanga

Asubuhi ile tuligombana kuhusu bomba.

Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, tone moja moja. Mke wangu alikuwa ameshavaa visaidizi vyake vya kusikia, kila sikio na chake, na tangu avipate hakuna kilichompita. Aliweka vikombe mezani akaniangalia.

"Mzee wangu, hilo bomba."

"Nimelisikia."

"Umelisikia tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na wewe ndiye fundi wa nyumba hii."

"Mimi mwashi, bibie. Maji si kazi yangu."

"Basi lijengee ukuta."

Tulicheka. Tukanywa chai. Alinishonea kifungo cha shati nikiwa nimelivaa, akakata uzi kwa meno, kisha akaniwekea kiganja kifuani kama alivyozoea. Akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka, akalinyooshea bomba kidole. Akaenda kazini.

Ilikuwa asubuhi kama zote. Hatukupata nyingine.

Binti yetu ndiye aliyeniambia niandike. Alisema, baba, watu wa hospitali wanamjua mama kwa jina la utani tu, na siku moja hata hilo litasahaulika. Mimi shule sikukaa. Kusoma nilifundishwa ukubwani na mke wangu, kwenye magazeti yaliyofungiwa misumari. Nitaandika nilichokiona.

Jina lenyewe ni Mama Sikio. Alipewa kazini, katika karakana ya vifaa, ile iliyo nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Lakini sikio alikuwa nalo tangu zamani. Nilipomkuta alikuwa msichana wa chumba cha simu cha hospitali hiyo hiyo. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya huku, akichomoa kule, na kuwaunganisha watu asiowaona. Mimi niliitwa kupiga lipu ukuta wa chumba hicho. Nilimaliza, nikapita nikigonga kwa nyuma ya mwiko, kama tunavyofanya. Lipu ikishika, inatoa sauti nzito. Isiposhika inalia kama debe.

Akasema bila kugeuka, "Fundi, hapo ulipogonga sasa hivi panalia."

Niligonga tena. Kweli panalia, kidogo sana. Nikabandua, nikapiga upya. Kesho yake nilirudi kuangalia kama imekauka. Lipu haihitaji kuangaliwa kila siku. Ile niliiangalia wiki nzima.

"Hii lipu yako ni mgonjwa?" aliniuliza.

"Inaendelea vizuri."

"Basi mpe ruhusa aende nyumbani."

Ndivyo tulivyoanza.

Ubao wa simu ulipoondolewa, wakamhamishia karakana. Huko walimfundisha kupima vinasa sauti. Nitavieleza kwa wasiovijua. Ni vidude vya duara, upana wa kifuniko cha chupa. Vinabandikwa kifuani kwa mgonjwa, na sauti ya moyo na ya pumzi inapita kwenye waya hadi kwenye mashine. Muuguzi anaisikia kwenye spika au anavaa hedifoni. Vinatumika sana wodi ya watoto wachanga, kwa sababu mtoto hasemi panapouma. Vikitoka kiwandani, na vikirudi kutoka matengenezo, lazima mtu avipime kimoja kimoja kabla ya kumgusa mgonjwa. Mtu huyo alikuwa mke wangu.

Karakana ilimpa kifua cha mpira chenye spika ndani. Unakibandika kinasa juu yake, unawasha, moyo wa bandia unapiga. Ukiusikia vizuri, kinasa ni kizima. Ndivyo ilivyokuwa kawaida kabla yake.

Yeye aliongeza mchanga. Alikuja nyumbani siku moja akaniomba mchanga safi, uliochekechwa, mkavu. Nilimchekechea mwenyewe, wavu mara mbili. Akashona mfuko wa turubai akaujaza, ukawa mzito kama mtoto wa mwaka. Tangu hapo kila kinasa kilianza kwenye mfuko huo kabla ya kufika kwenye kifua cha mpira.

Nilimuuliza, "Unasikiliza nini kwenye mchanga?"

"Nasikiliza kusiwe na kitu."

Akanieleza. Vipo vinasa vibovu ambavyo havisikii. Hivyo havimsumbui, maana vinajionyesha vyenyewe. Kuna vingine vinasikia hata pasipo na kitu. Vina msukosuko ndani, chwii, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Ukikibandika kwa mtoto, hujui ni pumzi yake au ni kelele ya kidude.

"Kiziwi utamjua siku ya kwanza," alisema. "Mwongo utamjua msibani."

Basi kwanza mchanga, kimya. Pili kifua cha mpira, mapigo. Tatu, mimi.

Mimi nina mlango wa moyo usiofunga sawasawa. Daktari aliniambia zamani hauniui, nisibebe saruji tu. Moyo wangu ukipiga, damu kidogo inarudi nyuma, na inatoa sauti nyembamba sana. Mke wangu alisema ni kama mtu anayefagia chumba cha pili. Kifua cha mpira hakina sauti nyembamba namna hiyo. Kwa hiyo mkuu wa karakana alimruhusu kuja nyumbani na kinasa kimoja kutoka kila boksi, pamoja na kimashine cha kusikilizia. Asubuhi kabla ya chai nilikaa kitandani bila shati. Ananibandika, anavaa hedifoni, anafumba macho na kuinua mkono nisiongee.

Kisha anasema, "Anafagia." Boksi limepita.

Asipomsikia mfagizi, boksi zima linarudi mezani. Majirani wengine wanaamshwa na jogoo. Mimi niliamshwa na kidude cha baridi kifuani.

"Kipashe moto kwanza, bibie!"

"Watoto wachanga hawalalamiki hivi."

Miaka ilipita hivyo. Hakupitisha kibovu, na alijulikana hivyo. Sista wa wodi ya watoto, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza magari, alikuwa akipokea boksi anauliza swali moja tu: "Limetoka kwa Mama Sikio?" Likiwa limetoka kwake, halifunguliwi mara mbili. Mke wangu hakujisifu. Lakini nilimwona siku moja anapita mbele ya wodi ile, akapunguza mwendo ili asikie vile vidude vikifanya kazi ndani. Uso wake ulikuwa kama wa mama nje ya darasa ambalo mwanawe anasoma kwa sauti.

Sasa nafika kwenye asubuhi ya waya.

Alikuja na kinasa kutoka boksi jipya. Nilivua shati. Alinibandika, akavaa hedifoni, akafumba macho, akainua mkono. Nikanyamaza. Alisikiliza kama kawaida, hata kichwa akakiinamisha kidogo. Akatabasamu.

"Anafagia."

Akafumbua macho. Nikaona anatazama goti langu. Na mimi nikatazama. Ncha ya waya ilikuwa imelala juu ya goti. Haikuwa imechomekwa kwenye kimashine.

Aliichukua ncha ile akaichomeka. Akafumba macho tena. Safari hii alikaa muda mrefu, na mkono alioinua ukaanza kushuka wenyewe.

"Vipi?" nikauliza.

"Nasikia mapigo. Mfagizi simsikii."

"Labda nimepona."

Hakucheka. Alivua hedifoni akanivalisha mimi. Nilisikia dum, dum, na katikati ya dum na dum nikasikia ufagio, hivi hivi, mwembamba. Nikamwambia nausikia. Akaitikia kwa kichwa. Akakaa pembeni yangu kitandani.

Nilielewa polepole. Masikio yake yalikuwa yamechoka, na hakujua, kwa sababu moyo wangu alikuwa anaujua mno. Alikuwa anasikia alichokizoea. Na kama hasikii ufagio, basi na ile chwii ya kwenye mchanga haisikii. Kila kinasa kwake kingekuwa kimya. Kila kimoja kingepita.

"Vile vya wodi ya watoto," alisema. "Mwezi huu wote nimepitisha mimi."

"Huenda ni vizima."

"Huenda."

"Ukisema, watakuondoa kwenye kiti."

"Wataniondoa."

Kiti kile kilikuwa mbele ya dirisha, na mto wake alioushona, na msumari wa kutundikia hedifoni nilioupigilia mimi. Aliwahi kuniambia kwamba akistaafu atauomba msumari. Aliangalia mikono yake kidogo. Kisha akasimama, akanitupia shati.

"Vaa. Kifua chako kinatakiwa kazini leo."

"Chai je?"

"Chai itatungoja. Watoto wanapumua."

Tulienda. Mkuu wa karakana ni mtu mpole anayeitwa Ngoja Kwanza, maana ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata ukimwambia nyumba inaungua. Mke wangu alisimama mbele ya meza yake akamweleza yote, waya, goti, mfagizi. Hakupunguza. Alisema, "Nilisikia mahali pasipo na kitu. Kinasa kikifanya hivyo tunakitoa. Nitoe."

"Ngoja kwanza, mama."

"Siwezi kungoja. Vya wodi ya watoto virudishwe sasa hivi, vyote nilivyopitisha mwezi huu. Vipimwe upya na mtu mwingine."

"Tunaweza kuvikusanya taratibu. Kimoja leo, kimoja kesho. Nani atajua? Jina lako halitaguswa."

Nilimwelewa mzee wa watu. Alikuwa anampenda. Alitaka kumfunika.

Mke wangu akamwambia, "Baba, kelele ikiwa kwenye kidude, jina langu litamsaidia nani?"

Ngoja Kwanza akashika simu. Ndiyo mara pekee niliyomwona hangoji.

Baadaye kidogo tukasikia viatu kwenye korido, na sauti kabla ya viatu. Sista wa wodi alikuja mwenyewe, amebeba vinasa kwenye bakuli la chuma la sindano.

"Mama Sikio! Umeniacha uchi! Wauguzi wangu wameshika stetoskopu za shingoni kama zamani, wanazunguka vitanda kama nyuki. Kuna nini?"

"Masikio yangu yameharibika, sista. Nimekupa nisivyovisikia."

Sista akaweka bakuli mezani polepole, kama lina mayai.

Aliyepewa kazi ya kupima alikuwa fundi wa umeme wa pale, binti mrefu, mkimya, mwenye masikio mazuri. Mke wangu ndiye aliyemvisha hedifoni. Nilimwona anaukunjua ule waya, anairekebisha hedifoni iendane na kichwa cha mwenzake, anamwondolea nywele sikioni. Mikono yake ilitulia kabisa. Macho sikuyatazama.

Wakaanza. Mchanga, mpira, mimi. Mchanga, mpira, mimi. Nilikaa juu ya stuli kifua wazi, na kila kidude kikibanduliwa kinaondoka na nywele zangu.

"Mzee vumilia," alisema sista.

"Navumilia. Mtanirudishia nywele?"

"Tutakubandikia za ufagio wa mfagizi wako," mke wangu akajibu. Chumba kizima kikacheka, na nikajua yu hai.

Vingi vilikuwa vizima. Kisha yule binti akainua kidole juu ya mfuko wa mchanga. "Hiki kinasema." Sista akavaa hedifoni naye. Akakunja uso.

"Hii chwii! Kumbe! Sisi tumekuwa tukilaumu feni. Tumeizima, watoto wamelowa jasho, na chwii ipo pale pale."

Kikawekwa kando. Baadaye kingine. Na kingine. Vitatu kwa jumla. Mke wangu alivipanga mbele yake juu ya kitambaa, akavitazama. Hakuna mtoto aliyeumia. Sista aliapa hivyo mara nyingi, kwa sababu aliona uso wake. Alimshika bega.

"Sikiliza. Wangapi wangekuja kuniambia? Kuanzia leo nitauliza swali lile lile, limetoka kwa Mama Sikio?"

"Sitakuwa napima tena, sista."

"Hilo mtajua nyinyi huku. Mimi nitauliza."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika alichemsha chai upya, akanipaka mafuta kifuani palipochubuka, ndipo akalia. Alilia kidogo, kama mtu anayefanya kazi fupi. Kisha akasema mafuta yamekwisha, ninunue mengine.

Daktari wa masikio alimpima akathibitisha. Wakampa visaidizi. Na hapa niseme kisa, maana watu wa karakana wanakipenda. Alivipokea, hakuvivaa. Alivipeleka kwenye mfuko wa mchanga. Akamwita yule binti avisikilize. Kimoja kinalia. Akarudi nacho kwa daktari.

"Mama, hiki ni kipya kabisa," daktari akasema.

"Na mimi nilikuwa mpya zamani. Nibadilishie."

Akabadilishiwa, daktari anacheka.

Nilidhani atabaki nyumbani. Alikaa siku chache, akapanga upya kabati ambalo halikuhitaji kupangwa. Kisha akaniomba pazia la zamani la chumba cha watoto na fimbo ya kulitundikia. Nikajua kuna jambo.

Akalipeleka karakana. Akamwambia Ngoja Kwanza, "Vinasa tunavipima. Anayevipima, nani anampima? Mimi nilikaa miaka yote pale dirishani, hakuna aliyenichomolea waya."

Ndivyo ulivyoanza utaratibu wao wa kila asubuhi, ambao wenyewe wanauita kuchomoa. Mpimaji anakaa upande huu wa pazia na hedifoni. Mke wangu upande wa pili, na kifua cha mpira, na mfuko wa mchanga, na waya. Anakibandika kinasa kwenye mpira au kwenye mchanga, au anachomoa waya kabisa. Mpimaji anatakiwa kusema tu, nasikia, au sisikii. Mke wangu anamjibu, kweli, au siyo kweli. Akikosea hapimi siku hiyo. Anakunywa chai, anafanya kazi nyingine, anarudi kesho. Hakuna kuoneana aibu. Hata Ngoja Kwanza alikaa pale siku moja akasema anasikia moyo, kumbe ni mchanga. Walimcheka hadi jioni. Akasema, "Ngoja kwanza, labda mchanga wenyewe una mimba."

Kiti cha dirishani hakukirudia. Alipata cha nyuma ya pazia. Mimi naona hiki ndicho kilikuwa kikubwa zaidi, lakini yeye hakuwahi kusema hivyo. Alichosema ni kwamba huku nyuma hakuna mwanga wa kutosha kushona. Nilimfungia taa.

Siku ya asubuhi ya bomba alikwenda akakaa pale. Yule binti mrefu ndiye alikuwa na hedifoni. Ndiye aliyekuja kunisimulia, amesimama mlangoni kwangu, hakutaka kukaa. Alisema alisikia mapigo vizuri. Akasema, "Nasikia." Akangoja aambiwe kweli au siyo kweli. Akafikiri mama anamtania. Akarudia, "Nasikia, mama." Kisha akafunua pazia.

Alikuwa ameegemea ukuta, mkono juu ya mfuko wa mchanga. Mshipa wa kichwani ulipasuka, walisema madaktari. Moyo wenye hitilafu ulikuwa wangu, na ndio uliobaki.

Msibani watu walijaa hadi barabarani. Sista alikuja na wauguzi wake, sauti imemwishia. Ngoja Kwanza alileta msumari wa hedifoni, aliung'oa mwenyewe, umefungwa kwenye leso. Akaniambia kuchomoa kunaendelea. Pazia ni lile lile. Mchanga wameniomba nikauchekeche upya, nikaenda nikauchekecha.

Bomba nimelitengeneza. Mwashi nikiwa na nia naweza maji.

Nyumba sasa ni kimya. Asubuhi nasikia vikombe vikiwekwa mezani. Naamka, meza ni tupu. Nasikia kandambili zake zikitoka bafuni. Juzi nilimwambia binti yetu, akaniangalia kwa huruma, akataka kunipeleka kwa daktari. Nikamwambia hapana, ugonjwa huu naujua, mama yako aliwahi kuupata.

Maana ile siku ya waya, jioni, baada ya mafuta na machozi, nilimuuliza swali lililonikaa moyoni tangu asubuhi. Kama waya ulikuwa kwenye goti, na masikio yalikuwa yamechoka, na kimashine kilikuwa kimya, yeye alitabasamu kwa kusikia nini? Alikuwa anakunja shati langu. Alijibu bila kugeuka, kama siku ya lipu:

"Nilikusikia wewe, mzee wangu. Sikio limeshakukariri."